Kwa nini watu wa Bali huwalisha mashetani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Machi 2025 nilikuwa Bali, Indonesia, kwa mafunzo ya kazi. Kila asubuhi mhudumu wa hoteli aliweka mlangoni pangu kisinia cha majani ya mnazi chenye maua na udi, chini kabisa sakafuni. Nilipomuuliza alisema ni cha "wale wa chini". Jioni moja vijana wakabeba masanamu ya mashetani barabarani kwa vifijo na ngoma, na kesho yake kisiwa kizima kikafungwa: hakuna taa, hakuna gari, hata ndege haikutua. Nikaambiwa hao ni Wahindu. Mimi nimekulia Tanga, jirani zetu ni Wahindu, na sijaona hata siku moja wakilisha mashetani wala kuchinja kuku. Je, huu ni Uhindu kweli, au ni mizimu ya kisiwani iliyovishwa nguo za Kihindi? Halafu kisinia kimoja nilikikanyaga kwa bahati mbaya. Nimekosa?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na hicho ulichokikanyaga, maana naona ndicho kinachokukera zaidi. Hukukosa kitu. Kisinia kile huitwa canang, na kazi yake ni ya dakika chache tu. Mama au binti wa nyumba hukitua mahali pake, huchomeka udi unaowaka, hunyunyiza maji matakatifu kwa ncha ya ua, kisha hupunga mkono mara mbili tatu kuusukuma moshi uende kwa mwenyewe. Hapo sadaka imeshapokewa. Kinachobaki ni majani na maua yanayonyauka, na mbwa na kuku hula punje za wali pasipo mtu kuwafukuza. Adabu yenyewe ni kutokikanyaga wala kukiruka wakati udi ungali unafuka. Ukishazimika, hata wenyewe hupita juu yake na pikipiki, na jioni hufagiwa pamoja na takataka nyingine.

Lakini ungeinama ukakitazama kabla hakijanyauka, ungeona kwamba maua yale hayakutupwa ovyo. Meupe huelekezwa mashariki, mekundu kusini, ya manjano magharibi, na upande wa kaskazini huwekwa ya buluu au kitu cha kijani, kwa kuwa rangi ya upande huo ni nyeusi na maua meusi hayapatikani. Katikati hujazwa majani ya mpandani, jamii ya mkadi, yaliyokatwakatwa. Chini ya maua yote hayo kuna kifurushi kidogo ambacho wewe mtu wa pwani ungekitambua bila kuambiwa: jani la tambuu, chokaa na popoo. Popoo ni ya Brahma, jani ni la Wisnu, chokaa ni ya Siwa. Kisinia kisicho na kifurushi hicho huhesabiwa ni pambo tu, si sadaka.

Rangi hizo ni za miungu wa pande za dunia. Mashariki yuko Iswara, mweupe. Kusini Brahma, mwekundu. Magharibi Mahadewa, wa manjano. Kaskazini Wisnu, mweusi. Na katikati Siwa, mwenye rangi zote. Ukiongeza wanne wa pembeni, Maheswara, Rudra, Sangkara na Sambu, wanatimia tisa. Kila upande una namba yake pia: mashariki 5, kusini 9, magharibi 7, kaskazini 4, katikati 8. Namba hizo huamua vipande vingapi vya nyama, mafungu mangapi ya wali na vijiti vingapi vya mishikaki vitawekwa upande gani siku ya kafara kubwa. Kwa hiyo yule mhudumu, pengine akiwa na haraka ya kwenda kutandika vitanda, alikuwa anakuwekea ulimwengu mzima mlangoni kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye hao wa chini. Watu wa Bali hawaanzi na kaskazini na kusini kama sisi tunavyofundishwa shuleni. Wanaanza na mlima. Mlima wenyewe ni Agung, volkano yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, makao ya miungu na ya wahenga waliokwisha kutakaswa. Upande wa mlimani huitwa kaja, upande wa baharini huitwa kelod. Mtu wa Denpasar, ambayo iko kusini, akisema kaja ananyoosha mkono kaskazini. Mtu wa Singaraja, pwani ya kaskazini, akisema kaja ananyoosha mkono kusini. Wote wawili wako sawa, kwa kuwa kila mmoja ameelekea mlimani. Ongeza maawio ya jua, yenye heshima, na machweo, ambayo heshima yake ni ndogo, nawe umeshapata mpango wa kila nyumba ya jadi kisiwani. Madhabahu ya ukoo hukaa kwenye kona ya mlimani na mashariki. Watu hulala vichwa vikielekea mlimani au mashariki, na mgeni akilala miguu ikielekea huko mwenyeji humwambia ageuke. Zizi la nguruwe na jaa huwa upande wa baharini. Kijiji nacho hivyo hivyo: hekalu la waasisi huwa juu, hekalu la mkutano wa kijiji katikati, na hekalu la mauti, pura dalem, chini karibu na makaburi.

Miungu juu, binadamu katikati, bhuta na kala chini. Hao bhuta kala ndio waliotafsiriwa kuwa mashetani, na tafsiri hiyo ndiyo inayotupoteza sisi tuliolelewa katika Uislamu au Ukristo. Shetani wetu ni adui wa Mungu, amelaaniwa na hana njia ya kurudi. Bhuta hayuko hivyo. Katika masimulizi ya Kibali, Uma, mke wa Siwa, alilaaniwa akashushwa duniani, akawa Durga wa kutisha anayekaa makaburini. Siwa naye, kwa kumtamani, akashuka na kuchukua umbo la Kala. Kwa kukutana kwao bhuta wakajaa duniani na kuanza kula watu. Miungu wengine waliposhuka kuiokoa dunia hawakuja na panga. Walikuja na mchezo wa vivuli na ngoma, wakawaonyesha wale wa kutisha hadithi yao wenyewe hadi wakakumbuka wao ni nani na kurudi kwao. Bhuta ni mungu aliyegeuka, na aliyegeuka anaweza kugeuzwa tena. Hilo ndilo lengo la kafara yote ya Bali: kumlisha, kumtuliza na kumrudisha katika hali yake njema. Anayepuuzwa hubaki na njaa, na mwenye njaa hujitafutia mwenyewe, kwa homa, kwa ugomvi wa nyumbani, kwa ajali za njiani.

Ndiyo maana sadaka za chini ni tofauti na za juu, na hata chakula chake ni tofauti. Juu, kwenye madhabahu, huwekwa maua, matunda, keki za unga wa mchele, vitu vya kupendeza. Chini, getini na njia panda, huwekwa segehan: mafungu ya wali uliotiwa rangi, kitunguu, tangawizi na chumvi, kisha humiminwa pombe ya mnazi au ya mchele ardhini. Ni chakula kikali cha wageni wakali. Hufanywa hasa kila baada ya siku 15, siku ambayo juma lao la siku tatu na juma lao la siku tano hukutana kwenye siku nzito. Mambo yakizidi, mathalani kuna kiwanja kipya cha kujenga au mtu amekufa vibaya, kafara hupanda daraja. Hapo huja kuku watano: mweupe wa mashariki, mwekundu wa kusini, mweupe mwenye miguu na mdomo wa manjano wa magharibi, mweusi wa kaskazini, na wa madoadoa wa katikati. Kila kuku huchunwa ngozi, na ngozi hiyo hutandazwa chini ikiwa na kichwa, mabawa na miguu yake, kana kwamba ndege mzima amelala hapo. Nyama hufanywa mishikaki na kachumbari ya damu na nazi, ikagawanywa 5, 9, 7, 4 na 8. Baada ya ibada watu wazima na watoto huivuruga ile sadaka kwa miguu na mafagio, huku wakigonga vyombo, ili waliokuja kula waondoke. Mgeni anayefikiri ameona watu wakiabudu mashetani angekaa hadi dakika hii ya mwisho. Hakuna anayemwabudu mgeni kisha akampigia masufuria aondoke.

Mtu wa pwani anayelijua zinguo la mji, ng'ombe akizungushwa mitaani kabla ya kuchinjwa ili balaa litoke, haoni ajabu hapa. Tofauti ni kwamba Bali jambo hilo lina hesabu, lina kalenda, na hupanda ngazi kwa ngazi kutoka nyumba hadi kisiwa kizima.

Wewe ulikuta ngazi ya juu ya mwaka. Kalenda yao ya Saka iko nyuma ya kalenda yetu kwa miaka 78, na mwaka wa 1947 ulianza tarehe 29 Machi 2025. Siku chache kabla yake, vijiji hubeba vyombo vitakatifu vya mahekaluni hadi baharini kuvitakasa. Hapo utaniuliza: si umesema bahari ni upande wa chini, wa uchafu? Ndiyo, na hiyo ndiyo mantiki yao. Kinachopokea uchafu wote ndicho chenye uwezo wa kuuyeyusha, kwa hiyo bahari ni jalala na ni birika la utakaso kwa wakati mmoja. Mimi hupenda sana sehemu hii, ingawa watalii wengi huikosa kwa kuwa hutokea mchana wa jua kali na haina masanamu ya kupiga picha.

Siku ya mwisho ya mwaka, mwezi ukiwa hauonekani angani, hufanywa kafara za njia panda kuanzia mkoa hadi kijiji, na nyati huchinjwa katika zile kubwa. Usiku, majumbani, watu huzunguka na mienge ya makuti makavu wakigonga chochote chenye sauti. Ndipo hutoka yale masanamu uliyoyaona, ogoh-ogoh, ya mianzi na karatasi, yenye meno na matiti ya kutisha. Vijana huyazungusha kwenye njia panda ili pepo wavurugikiwe, na mengi huchomwa baadaye. Usidhani ni jambo la kale. Gwaride hilo kwa umbo unalolijua lilienea miaka ya 1980, baada ya serikali ya Indonesia kuifanya Nyepi, ile siku ya kimya uliyoiona, kuwa sikukuu ya kitaifa mwaka 1983. Kafara ni ya zamani. Masanamu ni ya vijana, na ndiyo maana kila mwaka huongezeka ukubwa na nyingine hufanana na mashujaa wa katuni.

Nyepi yenyewe huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa kumi na mbili ya kesho yake. Makatazo ni manne: moto na taa, kazi, safari, na starehe. Walinzi wa kijiji waliovaa shuka za miraba nyeusi na nyeupe hupita mitaani kuangalia taa zinazochungulia madirishani. Wagonjwa na wajawazito huruhusiwa kwenda hospitali. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai hufungwa saa 24, na tangu 2018 hata intaneti ya simu huzimwa. Watoto huambiwa kwamba pepo waliofukuzwa jana wakipita juu ya kisiwa wakaona giza na kimya, hudhani hakuna mtu na kwenda zao. Makuhani hupenda kueleza kwamba siku hiyo ni ya kuzima moto wa ndani, hasira na tamaa. Waandishi wa miongozo ya utalii hukimbilia maelezo ya pili kwa kuwa yanapendeza zaidi. Mimi nasema usiyatenganishe: kisiwa kimelipa deni lake jana, leo kinaanza upya kama kilivyokuwa kabla mtu hajawasha moto wa kwanza.

Nikupe sasa mfano wa mungu mmoja wa huko ambaye humkuti India hata ukimtafuta kwa kurunzi. Kusini-mashariki mwa Bali, ng'ambo ya mlangobahari, kuna kisiwa kikavu cha Nusa Penida. Anayetawala huko katika ulimwengu usioonekana ni Ratu Gede Mecaling, bwana mwenye meno ya kutokeza. Kila mwaka mvua zinapoanza, mnamo mwezi wa sita wa kalenda ya Saka, ambao huangukia Novemba au Desemba, askari wake wasioonekana huvuka bahari na kuingia Bali wakieneza maradhi. Na kweli ndio msimu wa homa na kuhara. Vijiji vya pwani hutundika getini majani ya mpandani wenye miiba pamoja na alama ya msalaba wa chokaa, alama ambayo haihusiani na Ukristo hata kidogo. Ni ya kusawazisha pande nne. Barong, yule mnyama mkubwa mwenye manyoya na kinyago chekundu ambaye watalii humlipia kiingilio, hutolewa hekaluni akapitishwa mlango kwa mlango kulinda kijiji.

Huyo Mecaling hachukiwi. Hekalu lake, Pura Dalem Ped, liko pwani ya Nusa Penida inayotazamana na Bali, na maelfu ya watu hupanda boti kwenda kumwomba. Wanamwomba nini? Kinga dhidi ya maradhi yale yale anayoyaleta. Waganga humwendea kutafuta nguvu za kutibu. Anayeshika ufunguo wa ugonjwa ndiye anayeweza kuufunga, na mtu mwenye akili hujenga urafiki naye. Ukimwelewa Mecaling, umemwelewa pia Rangda, yule bibi mchawi mwenye ulimi mrefu wa moto anayepigana na Barong katika mchezo bila yeyote kushinda. Kinyago cha Rangda huhifadhiwa hekaluni na kupewa sadaka kama mlinzi.

Kuna pia miungu wa huko ambao hawatishi hata kidogo, na kazi yao ni ya shambani. Ziwa Batur, lililo ndani ya kinywa cha volkano ya Batur, ni la Dewi Danu, mungu wa kike wa maji. Watu husimulia kwamba maji ya ziwa hilo ndiyo yanayotokea kwenye chemchemi na mito ya mabondeni, kwa hiyo kila anayemwagilia mpunga ana deni kwake. Wakulima wa bonde moja huungana katika chama cha maji kiitwacho subak, kila subak ina madhabahu yake, na madhabahu hizo hupanda hadi hekalu kuu la Ulun Danu Batur. Volkano ililifunika hekalu hilo mwaka 1926, likajengwa upya juu ya ukingo, Kintamani. Kuhani wake mkuu, Jero Gede, hushauriwa kuhusu mgao wa maji na zamu za kupanda.

Miaka ya 1970 wataalamu wa serikali waliona hayo ni mambo ya imani tu. Mbegu mpya za mpunga zilikuja na agizo la kupanda mfululizo, kila mtu kwa wakati wake. Haikupita miaka mingi maji yakaanza kugombewa na wadudu wakafurika, kwa kuwa hapakuwa tena na majuma ambayo bonde zima liko wazi na wadudu hawana pa kula. Mwanaanthropolojia Mmarekani Stephen Lansing, aliyeishi na wakulima hao, alionyesha kwa kutumia kielelezo cha kompyuta kwamba ratiba za mahekalu zilikuwa zinapata karibu uwiano bora kabisa kati ya kugawana maji na kuwanyima wadudu chakula. Mkulima wa juu hukubali kumpa wa chini maji kwa sababu wasipopanda pamoja, wadudu wa chini watapanda kwake. Wakulima walirudi kwenye ratiba zao, na mwaka 2012 UNESCO iliiweka mandhari ya subak katika urithi wa dunia. Mimi sikuelezi haya ili nikuthibitishie kwamba Dewi Danu yupo. Nataka uone kwamba kule mungu ana anwani: ziwa hili, mfereji huu, msimu huu.

Na wakati mwingine anwani hiyo hugharimu. Kwenye mteremko wa Agung liko hekalu mama la Besakih, ambako kila karne hutakiwa kufanywa kafara kubwa kuliko zote, Eka Dasa Rudra, ya kuwatuliza Rudra kumi na mmoja wa pande zote pamoja na juu, chini na katikati. Kanuni ni kwamba ifanyike mwaka wa Saka unapoishia na sifuri mbili. Mwaka 1963 iliamuliwa ifanyike, ingawa Saka ilikuwa bado kwenye miaka ya 1880. Februari, maandalizi yakiendelea, Agung, uliokuwa umetulia zaidi ya karne moja, ukaanza kutoa moshi na majivu. Ibada ikasonga mbele, siku kuu ikafanyika tarehe 8 Machi huku majivu yakianguka. Tarehe 17 Machi mlima ukalipuka. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, mashamba ya mashariki yakafunikwa, lakini Besakih yenyewe lava iliipita pembeni. Hadi leo wako wanaosema mlima ulikasirishwa na tarehe mbaya, na wako wanaosema kubaki kwa hekalu ni ushahidi kwamba ibada ilipokelewa. Mwaka 1979, Saka ilipotimia 1900, ilirudiwa kwa hesabu sahihi, Rais Suharto akiwepo, na mlima ulinyamaza.

Basi, ni Uhindu au si Uhindu? Majina uliyoyasikia, Siwa, Wisnu, Brahma, Durga, yote yametoka India, na yalifika visiwa hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Dola ya Majapahit ya Java ilipodhoofika na Uislamu kuenea, makuhani na wakuu walivukia Bali. Maarufu kati yao ni Nirartha wa karne ya 16, anayehusishwa na mahekalu kama Uluwatu na Tanah Lot. Baadaye, Indonesia huru ilipodai kwamba dini inayotambuliwa lazima iwe na Mungu mmoja, watu wa Bali walijikuta wanahesabiwa kuwa hawana dini. Walipigania jambo hilo miaka yote ya 1950. Jina Sang Hyang Widhi, Mungu mmoja aliye juu ya miungu wote, likapewa nafasi ya mbele, na mwaka 1959 likaundwa baraza lao la kidini, Parisada. Nenda leo hekalu la Jagatnata mjini Denpasar utaona kiti chake kirefu cha mawe meupe, kimekaa juu ya kobe na nyoka wawili wanaoibeba dunia. Kiti kile ni kitupu, kwa kuwa aliye juu ya wote hana sanamu.

Kuna wasomi wanaosema kwa dharau kwamba huyo Mungu mmoja alibuniwa kwa ajili ya maofisa wa Jakarta. Mimi sikubali. Jina lilisogezwa mbele kwa sababu za kisiasa, hilo ni kweli, lakini wazo kwamba miungu wote ni sura za mmoja limo katika maandiko yao ya zamani, kama lilivyo India. Na kusogezwa kwake mbele hakukuondoa hata kisinia kimoja sakafuni.

Kuhusu damu: usiichukue Tanga kuwa kipimo. Katika hekalu la Kamakhya, Assam, na la Kalighat, Kolkata, mbuzi huchinjwa mbele ya mungu wa kike hadi leo. Katika vijiji vya Tamil Nadu, kusini mwa India, mungu Aiyanar hukaa nje ya kijiji na farasi wake wa udongo akilinda usiku. Yeye hali nyama, lakini msaidizi wake Karuppan hupewa kuku na pombe. Juu safi, chini damu: mpango ule ule wa Bali. Majirani zako wa Tanga wengi asili yao ni Gujarat, Kathiawar na Kutch, nchi ambayo Wajaini na wafuasi wa Krishna waliizoesha kutokula nyama karne nyingi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mwalimu wao wa dini Swaminarayan akahubiri wazi dhidi ya kafara za wanyama. Nao pia wana miungu wenye anwani. Khodiyar hupanda mamba na ni wa Saurashtra; Ashapura ni wa Kutch, kwenye kijiji cha Mata no Madh; Bahuchara hupanda jogoo. Kule zamani palipodondoka damu, leo huvunjwa nazi.

Navaratri, sikukuu yao ya usiku tisa, ikifika, wanapocheza ngoma ya garba hapo Tanga, waulize wale mama wazee kuldevi wao ni nani, yaani mungu wa kike wa ukoo, na hekalu lake liko kijiji gani. Watakutajia kijiji kabla hujamaliza swali, na pengine watakuonyesha picha yake kwenye simu.